Hisa za Githaiga na Sala Isiyofika Amina

Vichwa vyote ukumbini vilikuwa vimeinama. Macho yote yalikuwa yamefumbwa, isipokuwa ya watu wawili: Wamaitha, aliyesimama mbele akitakiwa kuomba, na Mwenyekiti Kyule, aliyekuwa akimtazama kama mtu anayengoja mlango ujifunge wenyewe.

"Endelea, binti ya Githaiga," Kyule alisema kwa upole. "Tufungie kikao. Watu wana njaa."

Hapo ndipo tulipomwacha msichana wetu juma lililopita. Kama hukuwa nasi, msomaji, nitakuambia kwa kifupi ili twende pamoja.

Wamaitha alirithi hisa za baba yake katika kampuni ya mchanga ya Ndauni. Kampuni hiyo ilianzishwa na marafiki watatu. Githaiga, mfanyabiashara aliyetoka Murang'a akahamia Malili, akazikwa Malili. Musyimi wa Kitui, naye marehemu. Na Kyule, mzaliwa wa Matiliku, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai.

Sasa kampuni inautaka mchanga ulio nyuma ya bwawa la Matiliku. Bwawa hilo akina mama walilijenga kwa mwethya, kazi ya ushirika, kila nyumba ikitoa mtu, mawe yakibebwa kwa migongo. Mchanga ule ndio unaoyashika maji yao wakati wa kiangazi. Ukiondoka, maji yanaondoka nao. Matingatinga yanaingia mtoni Jumatatu.

Wamaitha alileta hoja moja tu kwenye mkutano mkuu wa mwaka: kampuni isiuguse mchanga wa Matiliku. Mwenyekiti aliiweka hoja hiyo mwisho kabisa. Ilipofika zamu yake, akatazama sufuria za chakula mlangoni, akasema tumechoka, tufunge kwa maombi. Kisha akamtaja Wamaitha mwenyewe aombe, akijua kwamba msichana aliyelelewa kanisani hawezi kukataa.

Na huku kwetu unajua mambo yalivyo. Kikao kikishafungwa kwa sala hakifunguliwi tena. Kuna watu wameingia kaburini na hoja zao midomoni kwa sababu mtu fulani aliwahi kusema Amina.

Je, si angedai kura tu, akaacha kuomba? Angeweza. Lakini kwa hisa zake peke yake angeshindwa, na hoja iliyoshindwa hairudi. Ilibidi hisa zake ziungane na za Mama Kalondu, mjane wa Musyimi. Za wawili hao zikiwekwa pamoja zinamzidi Kyule na watu wote aliowajaza ukumbini. Na Mama Kalondu alikuwa bado njiani kutoka Kitui.

Mlangoni alisimama Kanyiva, kiongozi wa akina mama wa bwawa. Hakuwa na hisa hata moja, kwa hiyo aliingia kwa njia aliyoipata: alikubali kuupikia mkutano. Wamaitha alimtazama. Kanyiva akainua mwiko, akautikisa kushoto na kulia.

Bado.

Wamaitha akafumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza.

Wamaitha ni mtu wa sala fupi. Kanisani kwao Malili humwita yeye kuombea chakula kwa sababu chakula hakipoi. Siku hiyo alishukuru kwa ajili ya uhai. Akashukuru kwa ajili ya barabara, na madereva, na wapishi. Akashukuru kwa ajili ya mbuzi aliyechinjwa. Akaona maneno yanamwishia kama maji katika mtungi uliotoboka.

Ndipo akakumbuka majina.

"Bwana, mkumbuke mzee Nzuki na goti lake."

"Yesu," Nzuki akaitikia kutoka safu ya tatu, akilishika goti.

"Mkumbuke Kasyoki, ambaye binti yake anafanya mtihani."

"Ndiyo, Bwana."

Jambo la ajabu likatokea. Kila aliyetajwa aliitikia kwa sauti, na kila ambaye hajatajwa alinyamaza akingoja. Hakuna aliyetaka sala iishe kabla haijafika kwake.

Muli, katibu wa kampuni na mpwa wa mwenyekiti, alikohoa. "Amina," akasema kooni, kama mtu anayesafisha njia.

Hakuna aliyemfuata.

"Wewe nyamaza," sauti ya mzee mmoja ilisema nyuma. "Hajafika kwetu Kilungu."

Watu wakacheka wakiwa wameinama. Harufu ya nyama na muthokoi ilikuwa imeingia hadi mbele. Wamaitha alifungua jicho moja. Mwiko ulikwenda kushoto na kulia.

Kyule alipiga hatua moja, akainua mkono wa kuume kama wazee wa kanisa wanavyofanya wanapotaka kuhitimisha. "Basi kwa hayo yote, kwa jina la..."

"Na umkumbuke Mwenyekiti Kyule," Wamaitha alisema haraka.

Mkono ukabaki hewani. Nani anaweza kuikata sala anayoombewa yeye mwenyewe?

"Mkumbuke, Bwana, na nyumba yake. Ni mtoto wa Matiliku. Mama yake aliyachota maji ya mto ule, akamlea nayo. Mrudishie moyo wake wa utotoni."

Ukumbi ukasema, "Amina, Bwana," lakini kwa sauti ya chini, na si Amina ile ya kufunga. Kyule aliushusha mkono polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Wamaitha hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine.

Kutoka safu ya pili alisikia mnong'ono anaoujua tangu kuzaliwa.

"Mami, maliza."

Alikuwa mama yake, Wanjiro, aliyezoea kumwita binti yake mami, mwenye kitambaa cheupe kichwani, mikono imeshikana mapajani. "Maliza sasa," alirudia. "Usimchezee Mungu."

Maneno hayo yalimwingia Wamaitha kuliko kikohozi cha Muli na mkono wa Kyule. Baba yake alikuwa akisema sala si kamba ya kumfungia ng'ombe. Naye alikuwa anafanya nini? Alikuwa amelichukua jina la Mungu, akamfungia nalo mwenyekiti kwenye nguzo.

Akanyamaza. Ukumbi ukangoja. Mlangoni mwiko ulikataa tena, safari hii kwa nguvu, kama kusema usiache, usiache.

Wamaitha akaanza kulia.

"Bwana," alisema, "sitaki kukudanganya mbele ya watu hawa. Sala hii nimeirefusha kwa makusudi. Ninamngoja Mama Kalondu afike. Nataka kura, na najua Amina ikitoka kinywani mwangu kura haipo. Nisamehe. Nimekutumia kama turufu. Lakini maji ya Matiliku nayataka kweli, na hilo unalijua."

Macho yakafunguka ukumbi mzima. Minong'ono ikapita kutoka safu hadi safu.

Kyule alikuwa wa kwanza kusema. "Mmemsikia," alisema. "Amejihukumu kwa kinywa chake. Amelitaja bure jina la Mungu ili acheleweshe watu wazima. Kikao kimefungwa. Amina."

Wewe unajua, msomaji, kwamba Amina ya kiongozi haitoshi. Lazima watu waijibu.

Hawakuijibu.

"Ami—" alisema Muli peke yake, kisha akaimeza.

Mzee Nzuki aliinuka kwa shida, akijishikilia kwenye kiti cha mbele. "Mwenyekiti, nisamehe. Sala ni ya aliyeianza. Huwezi kumfungia mtu sala yake."

"Hii ni kampuni, mzee. Si kanisa."

"Na ni nani alituambia tufumbe macho?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakuficha. Kyule hakucheka. "Basi na aseme Amina twende tukale."

"Nitasema," Wamaitha alijibu. "Nikimaliza."

"Utamaliza lini?"

"Sijui, mzee. Ninamwuliza Mungu."

Akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, akaweka uso mikononi. Hakutoa sauti tena. Alikuwa ameacha hila. Aliomba kama mtu aliyebanwa ukutani, akimwambia Mungu kwamba ikiwa Kalondu hatafika, basi na iwe hivyo, lakini asimwache aende Matiliku kuwaambia akina mama wa bwawa kwamba alikuwa na hisa na hazikusaidia kitu.

Watu walitazamana. Sala ya sauti unaweza kukisia inakokwenda. Sala ya kimya, nani ajuaye imefika wapi? Wengine waliinamisha vichwa tena. Mama mmoja akaanza wimbo taratibu kwa Kikamba, na wachache wakampokea kwa sauti ya pili.

"Nenda kamwinue," Kyule alimwambia mpwa wake.

"Nimwinue vipi, mjomba? Yuko magotini."

"Si wewe ni katibu?"

"Katibu hafundishwi hayo."

Kabla hawajaelewana, gari lilisimama nje kwa kishindo cha breki. Mlango wa gari ukafunguliwa. Kanyiva hakutikisa mwiko tena. Aliuweka chini, akatoka mbio kwenda kushika mkono wa mtu.

Mama Kalondu aliingia akiwa amevaa nguo nyeusi na viatu vya kanisani, fimbo katika mkono mmoja na simu katika mwingine. Simu ilikuwa bado inasema. Sauti ya wimbo uleule wa ukumbini ilitoka ndani yake, ikichelewa kidogo.

"Zima hiyo sasa, mwaitu," Kanyiva alimwambia, naye akaitoa simu yake mwenyewe katika mfuko wa aproni, akaikata.

"Mama Kalondu," Kyule alisema, "karibu. Kwa bahati mbaya umechelewa. Tumefunga."

"Amina imesemwa?"

Kyule alizitazama sufuria mlangoni.

"Nauliza, imesemwa na ikajibiwa?"

"Haijajibiwa, mama," Nzuki alisema.

"Basi sijachelewa. Mimi niko ndani ya sala hii tangu tulipopita Kola. Huyu mpishi wenu aliniachia simu wazi nisikie kila neno, na mwanangu aliendesha gari macho wazi kwa niaba yetu sote." Alitembea hadi mbele, akamgusa Wamaitha begani kwa fimbo. "Amka, mwanangu. Sema ulilotaka kusema."

Wamaitha aliinuka. Magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi mwenyehisa naomba kura kwa hesabu ya hisa, juu ya hoja ya mchanga wa Matiliku."

"Namuunga mkono," Mama Kalondu alisema.

Kyule alimtazama Muli. Muli alitazama sheria za kampuni zilizokuwa mezani, akainamisha kichwa kukubali huku akitamani kikatae. Kura iliyodaiwa hivyo haikataliwi.

"Sawa," Kyule alisema. "Gawa karatasi."

Kule mlangoni Kanyiva alijifunika uso kwa aproni. Wamaitha aliona mabega yake yakitetemeka. Walikuwa wameshinda. Ilibaki kuhesabu tu.

Lakini Mama Kalondu alipopewa karatasi yake hakuiandika. Aliikunja, akaishika pamoja na fimbo, akaugeukia ukumbi.

"Nilikusikia ulipokiri," alimwambia Wamaitha. "Kama usingekiri, ningemwambia mwanangu ageuze gari turudi Kitui. Sala ya ujanja siwezi kuipigia kura. Lakini kuna neno hukulikiri kwa sababu hulijui."

"Neno gani, mama?"

"Siku tingatinga la kwanza liliposhushwa mto Ndauni, uleule unaopita Matiliku, wenye kampuni walikuwa watatu. Mmoja alikataa. Alisema mama yake anayanywa maji yale. Wawili wakamshinda kwa hisa, kama sisi leo tunavyotaka kumshinda." Aliinua fimbo, akaielekeza kwa mwenyekiti. "Aliyekataa ni huyu."

Watu wakamgeukia Kyule.

"Hayo yamepita, Mama Kalondu," Kyule alisema.

"Yamepita kwa nani?"

"Walinishinda. Nikasema, kama ni kuchimba, basi tuchimbe. Nami nimechimba."

"Na mama yako?"

Kyule alijibu akiitazama meza. "Maji yalipokwisha, bwawa likiwa bado halijajengwa, dada yangu alimhamishia mjini Wote. Huko kuna maji ya mfereji. Alikufa akiuliza habari za mto."

Wamaitha alishika ukingo wa meza. Kwa miezi mingi alikuwa amemwombea Kyule kama mtu anavyomwombea adui. Hakuwahi kumwuliza alivyokuwa kabla hajawa adui.

"Mimi ni mjane wa Musyimi," Mama Kalondu aliendelea, "na nguo hizi mnaziona. Ninasema mbele ya Mungu na mbele yenu: mume wangu alikosea siku ile. Alimkosea Kyule, akaukosea mto. Limenitoka." Akamgeukia Wamaitha. "Sasa wewe. Hisa hizo hukuzipata tupu, umezirithi pamoja na yaliyofanywa nazo. Sema la baba yako. Mwambie huyu mzee kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi na Githaiga alikosea. Ukishasema, kura yangu ni yako."

"Na nisiposema?"

"Nitakula chakula cha Kanyiva, nirudi nyumbani."

Wamaitha alitazama chini. Baba yake hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Maitu, mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyelibeba jina la nyanya yake. Kwenye mazishi mchungaji alisoma kwamba Githaiga hakuwahi kumnyima jirani maji, na watu walilia. Maneno yale aliyaandika Wamaitha mwenyewe.

"Mama Kalondu, mwachie mtoto nafasi," Nzuki alisema. "Marehemu hasemwi mbele ya watu."

"Nimemsema wangu."

"Wako una ruhusa naye."

Kutoka mlangoni Kanyiva alishindwa kujizuia. "Wamaitha, sema tu," alisema. "Githaiga hanywi maji tena. Sisi tunakunywa."

Hakuna aliyemkemea.

Wamaitha aliinua uso. Alimwona Kyule, ambaye sasa hakuwa anamtazama mtu. Aliiona karatasi ya Mama Kalondu iliyokunjwa. Akaomba kimoyomoyo, neno moja tu, akafungua kinywa.

"Baba yangu..."

"Keti, mami."

Mama yake alikuwa amesimama. Wanjiro ni mwanamke asiyesimama katika mikutano. Kwa miaka yote ya kampuni hiyo alikaa safu ya pili, akasikiliza, akanywa chai, akaenda nyumbani.

"Mama, nitasema mimi," Wamaitha alimwambia. "Niko tayari."

"Utasema uongo bila kujua. Keti." Kisha akamgeukia Mama Kalondu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemjulisha jirani habari za msiba. "Mama Kalondu, mumeo alikuambia waliokubali walikuwa yeye na Githaiga?"

"Ndivyo alivyoniambia."

"Githaiga hakuikubali kura ile. Siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini, hajui kumekucha wala kumekuchwa."

"Lakini hisa zake zilitumika kupiga kura," Mama Kalondu alisema.

"Zilitumika."

Muli aliacha kugawa karatasi. Wamaitha alitaka kuuliza ni nani aliyezitumia, lakini aliyesema alikuwa Kyule, na hakusema kama mwenyekiti.

"Wanjiro," alisema.

Hakusema Mama Wamaitha. Hakusema dada katika Bwana. Alisema Wanjiro, kama mtu aliyezoea kuliita jina hilo mahali pasipo na watu, na ukumbi mzima ulimgeukia.

"Wanjiro, tafadhali keti. Hilo tulikubaliana tutazikwa nalo, mimi na wewe."

"Wewe zikwa nalo," mama yake Wamaitha alijibu, akatoka katika safu yake, akaanza kutembea kwenda mbele.